Mdosi anakusumbua? Bach naye alisumbuliwa, na bado aliomba kabla ya kuanza kazi

Ni Jumapili jioni. Ibada iliisha kitambo, nguo za kesho umeshapiga pasi, lakini moyo hautulii. Unajua asubuhi mdosi atauliza ile kazi imefika wapi. Unajua kuna ujumbe kwenye simu ambao hujaufungua makusudi. Na mshahara wenyewe ukiingia, kodi ya nyumba na nauli zinaugawana kabla hujauona.

Kama hiyo ndiyo hali yako, wacha leo nikusimulie kuhusu jamaa mmoja aliyefariki mwaka wa 1750. Jina lake ni Johann Sebastian Bach. Hata kama hujawahi kukaa chini ukasikiliza muziki wake, kuna uwezekano umeusikia harusini, bibi harusi akiingia kanisani polepole huku kila mtu ameinua simu.

Wengi humwona Bach kama mzee fulani mwenye wigi jeupe, aliyekaa kimya akitunga muziki mtakatifu huku malaika wakimnong'onezea sikioni. Kumbe alikuwa mwajiriwa kama wewe. Alilia kuhusu mshahara. Cheo alichostahili kilipewa mtoto wa mwenye cheo. Alifungwa kwa kutaka kuacha kazi. Na uzeeni, waajiri wake walimtafuta mtu wa kuchukua nafasi yake kabla hajafa.

Alizaliwa Machi 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani, akiwa kitinda mimba katika watoto wanane. Babake alikuwa mwanamuziki wa mji, na ukoo mzima wa Bach ulijulikana kwa muziki. Lakini mamake alifariki mwaka wa 1694, na mapema 1695 babake naye akaondoka. Kabla hajafikisha miaka 10, Sebastian alikuwa yatima kamili. Akachukuliwa na kakake mkubwa, mpiga kinanda katika mji wa Ohrdruf.

Familia yake ilikuja kusimulia kwamba kakake huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini. Mtoto alikuwa akikichomoa usiku na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa muda wa miezi sita hivi. Alipomaliza, kakake akaigundua ile nakala na kumpokonya. Fikiria. Miezi sita ya kuharibu macho, kisha kazi yako yote inabebwa mbele yako.

Akiwa na miaka 15 alisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Lüneburg, ambako aliimba kwaya ili apate mahali pa kukaa na kusoma. Shule alisoma, lakini chuo kikuu hakuingia. Mimi pia niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa siiruki. Miaka ya baadaye alifanya kazi katika jiji lenye chuo kikuu kikubwa, akizungukwa na wasomi, na yeye hana digrii.

Usidhani imani ilimfanya mpole tangu utotoni. La. Akiwa na miaka 18 aliajiriwa kupiga kinanda katika kanisa moja mjini Arnstadt. Huko akamkejeli mwanafunzi mmoja aliyepuliza basuni vibaya, na usiku mmoja wa mwaka wa 1705 yule mwanafunzi akamvizia njiani na fimbo. Bach akachomoa upanga. Bahati nzuri watu wakawatenganisha.

Mwaka huohuo aliomba likizo ya wiki nne, akatembea kwa miguu karibu kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude, bingwa wa kinanda wa enzi hizo. Wiki nne zikawa miezi minne. Aliporudi, wazee wa kanisa walimweka kiti moto. Nani kati yetu hajawahi kuongeza likizo kidogo? Lakini miezi minne, ndugu yangu, hata mimi siwezi kumtetea.

Mwaka wa 1707 alihamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, na mwaka uliofuata akaandika barua ya kuacha kazi. Ile barua ina mambo mawili yaliyokaa pamoja bila aibu. La kwanza, alisema lengo lake maishani ni muziki wa kanisani uliopangwa vizuri kwa ajili ya utukufu wa Mungu. La pili, alisema kwamba kwa mshahara ule, ukitoa kodi ya nyumba na matumizi ya lazima, maisha hayaendi.

Hapo nataka utulie kidogo. Kuna watu watakuambia kwamba ukiwa Mkristo wa kweli, hupaswi kuuliza kuhusu pesa. Eti umfanyie kazi Bwana, mengine yatajipa. Mara nyingi anayesema hivyo ndiye anayetakiwa kukulipa. Bach alimpenda Mungu na alijua hesabu ya kodi. Hakuona kwamba moja linafuta lingine.

Kazi iliyofuata ilikuwa katika ikulu ya mtawala wa Weimar. Alikaa huko karibu miaka tisa. Mwaka wa 1714 akapandishwa cheo, akawa anatakiwa kutunga kantata moja kila mwezi. Kantata ni muziki wa waimbaji na ala, wa karibu nusu saa, uliochezwa wakati wa ibada. Kisha mwishoni mwa 1716 mkuu wa muziki wa ikulu akafariki. Kila mtu aliyekuwa na masikio alijua nani anastahili nafasi ile. Ikapewa mtoto wa marehemu.

Bach akatafuta kazi kwingine, akaipata kwa Leopold, mwana mfalme wa Köthen. Akaomba ruhusa ya kuondoka. Mtawala wa Weimar akakataa. Bach akashikilia. Tarehe 6 Novemba 1717 akasukumiwa korokoroni, akakaa hadi tarehe 2 Desemba, ndipo akaachiliwa na kufutwa kazi kwa fedheha. Karibu wiki nne ndani kwa kosa la kutaka kujiuzulu! Ukilinganisha na hilo, mdosi wako anayekataa kukupa barua ya pendekezo ana nafuu.

Köthen ilikuwa neema mwanzoni. Mwana mfalme alipenda muziki na mshahara ulikuwa mzuri. Kisha Julai 1720 Bach alikuwa safarini na mwajiri wake katika mji wa Carlsbad. Alimwacha Maria Barbara nyumbani akiwa mzima. Aliporudi baada ya kama miezi miwili, aliambiwa mkewe amefariki na ameshazikwa. Hakukuwa na simu wala ujumbe wa kumwahi. Alibaki na watoto wanne.

Mwishoni mwa 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa ikulu. Na mwaka wa 1723 akahamia Leipzig, kwenye kazi iliyomsumbua hadi kufa kwake.

Kwanza elewa aliipataje. Baraza la jiji lilimtaka Telemann, mwanamuziki maarufu kuliko wote Ujerumani wakati huo. Akakataa. Wakamtaka Graupner. Mwajiri wake akakataa kumwachilia. Ndipo Bach akafikiriwa, na mmoja wa madiwani akasema kwamba kwa vile walio bora hawapatikani, itabidi kuchukua wa kadiri. Bach! Wa kadiri! Ukiwahi kuajiriwa ukijua wewe ni chaguo la tatu, mko wawili.

Sasa tazama kazi yenyewe. Alisimamia muziki wa makanisa makuu ya jiji. Aliishi ndani ya jengo la shule ya Mtakatifu Thomas, ukuta kwa ukuta na wanafunzi wa bweni, na alikuwa na zamu za kuwachunga. Alitakiwa kufundisha Kilatini pia, jambo ambalo alimlipa mwenzake amfanyie. Na karibu kila Jumapili palihitajika kantata.

Katika miaka yake ya kwanza Leipzig, nyingi ya kantata hizo zilikuwa mpya. Siku chache tu za kutunga. Kisha kila sauti na kila ala inakiliwe karatasi yake kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya, na hapo mkewe, watoto na wanafunzi walivutwa wote kusaidia. Kisha mazoezi. Kisha Jumapili asubuhi, saa moja, ibada ya saa tatu au nne. Jioni ikifika, wiki nyingine imeshaanza kuhesabu. Jumapili haiahirishwi, hata kama mtoto ana homa. Kantata karibu 200 za Bach zimesalia hadi leo, na nyingine nyingi zilipotea.

Nyumbani napo palikuwa na vilio. Kwa jumla Bach alipata watoto 20, saba na Maria Barbara na 13 na Anna Magdalena. Waliofika utu uzima ni 10 tu. Alikuwa akitoka makaburini, anarudi mezani, na kantata ya Jumapili inamngoja.

Alivumiliaje bila kuvunjika?

Ukiangalia karatasi zake za muziki, nyingi zina herufi mbili juu kabisa, kabla ya nota ya kwanza: J.J. Ni ufupisho wa maneno ya Kilatini ya kumwomba Yesu asaidie. Na mwishoni, baada ya nota ya mwisho, mara nyingi kuna herufi tatu: S.D.G. Maana yake ni kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Hakuziweka kwenye nyimbo za kanisani pekee. Zipo hata kwenye baadhi ya kazi alizoandika kwa ajili ya sherehe za wakubwa.

Nilipojua jambo hili mara ya kwanza nililichukua kama mapambo tu, kama mtu anayebandika kibandiko cha Yesu kwenye matatu. Lakini hebu lifikirie ukijua wiki yake ilivyokuwa.

Karatasi ni tupu. Siku ni chache. Waimbaji wenyewe hawatoshi. Kabla ya kuandika chochote, mtu huyu anakiri kwamba hawezi peke yake, na anamtaja yule anayemwomba msaada. Haombi kazi iondolewe. Anaomba msaada ndani ya kazi. Halafu anaandika.

Mwishoni, akiandika zile herufi tatu, anaiachilia. Kazi imeisha. Kama diwani atasinzia ibadani, hiyo si hesabu ya Bach tena. Kama mtoto wa kwaya atakosea sauti, basi. Kazi haikuwa ya diwani kuanzia mwanzo. Alikuwa ameshaikabidhi kwa mwenyewe kabla diwani hajaisikia.

Nadhani hapo ndipo imani ilimsaidia. Muda haukuongezeka na wadosi hawakubadilika. Kilichobadilika ni nani anayemfanyia kazi. Presha nyingi tunayoibeba haitoki kwenye kazi yenyewe. Inatoka kwenye hofu ya macho ya mtu fulani: atasema nini, atanionaje, atanipiga kalamu lini? Bach aliyahamisha macho hayo.

Alikuwa pia na Biblia ya juzuu tatu, yenye maelezo ya Luther yaliyopangwa na msomi aitwaye Calov. Aliandika jina lake na mwaka wa 1733 ndani yake, na humo pembeni mwa kurasa kuna maandishi ya mkono wake. Biblia hiyo ilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, hadi ilipogunduliwa katika nyumba ya familia moja jimbo la Michigan, Marekani, mwaka wa 1934. Leo imehifadhiwa katika seminari moja mjini St. Louis.

Katika 2 Nyakati sura ya tano kuna habari za waimbaji na wapiga tarumbeta walipokuwa wakisifu pamoja, na nyumba ya Mungu ikajaa wingu. Pembeni Bach aliandika, kwa maneno yake, kwamba palipo na muziki wa kicho, Mungu yupo hapo na neema yake. Huyo si mtu anayengoja kazi iishe ndipo akamtafute Mungu. Alimtarajia pale pale kazini, katikati ya vijana wanaokosea sauti.

Na walikosea kweli. Agosti 1730 Bach aliandikia baraza la jiji waraka mrefu kuhusu hali ya muziki kanisani. Aliwahesabu wanafunzi wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajaiva, na 17 hawafai kabisa. Akaeleza anahitaji waimbaji wangapi, wapiga ala wangapi, na kwa nini. Wakati huo baraza lilikuwa linamlaumu kwamba ni mzembe, na lilikuwa limezungumzia kumpunguzia mapato.

Miezi miwili baadaye alimwandikia rafiki yake wa utotoni kumwomba amtafutie kazi kwingine. Alilalamika kwamba wakubwa ni wagumu, maisha Leipzig ni ghali, na mapato yake mengine yanategemea mazishi. Mwaka uliotangulia hewa ilikuwa nzuri, watu wachache wakafa, naye akapoteza zaidi ya thaler 100. Kweli kabisa, alilalamika kwamba watu wana afya.

Sikufichi kwamba ninampenda zaidi kwa barua ile. Mwanamume yuleyule aliyeandika J.J. juu ya karatasi ndiye aliyeandika malalamiko kuhusu mapato. Imani yake haikumfunga mdomo. Alidai watu wa kutosha, alidai pesa, alitafuta kazi nyingine, na kuanzia mwaka wa 1736 aligombana vikali na mkuu wa shule kuhusu nani ana haki ya kuchagua viongozi wa kwaya. Wakati mwingine alikuwa mkaidi kupita kiasi. Kumwamini Mungu hakukumzuia kupigania haki yake, na kupigania haki yake hakukumzuia kutunga wiki iliyofuata.

Kuna jambo moja ambalo hakuweza kulipigania. Mwanawe Gottfried Bernhard, kijana mwenye kipaji, aliharibikiwa. Baba alimtafutia kazi, kijana akaingia kwenye madeni, baba akalipa. Akamtafutia nyingine, madeni yakarudi, na mwaka wa 1738 kijana akatoweka bila kumwambia mtu. Bach alimwandikia mwenyeji wa kijana barua ya baba aliyefika mwisho: ameonya, ameshauri, amesaidia, na sasa amebaki kumwachia Mungu. Mwaka uliofuata kijana alifariki kwa homa mjini Jena, akiwa na miaka 24. Kuna wakati kuomba hakuleti jibu ulilotaka. Bach alijua hilo kutoka nyumbani kwake.

Juni 1749, akiwa mgonjwa lakini hai, baraza la jiji lilimfanyia majaribio mwanamuziki mwingine, Gottlob Harrer, ili awe tayari Bach akifa. Mzee yupo, tena katika jiji hilohilo. Na wakati wanamjaribu mrithi, yeye alikuwa kwenye shughuli ya kuikamilisha misa yake kubwa, ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora zaidi za muziki duniani.

Macho yake yalikuwa yameisha. Mwaka wa 1750 alipasuliwa macho mara mbili na daktari Mwingereza aliyekuwa akizunguka miji, na hali ikawa mbaya zaidi. Tarehe 28 Julai 1750 akafariki, akiwa na miaka 65. Harrer akapewa kazi. Anna Magdalena alifariki miaka 10 baadaye akiishi kwa msaada wa maskini.

Nimekuambia hayo ili usiseme nilikuficha. Hii si hadithi ya mtu aliyeomba, akaomoka, akanunua gari. Alipokufa, wengi walimkumbuka kama mpiga kinanda hodari kuliko mtunzi. Ilichukua hadi Machi 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliposimamisha mjini Berlin ile kazi ya Bach kuhusu mateso ya Kristo kulingana na Mathayo, watu wakashtuka kwamba walikuwa wamekalia hazina. Na mwaka wa 1977 Marekani ilipotuma vyombo vya Voyager angani vikiwa na rekodi ya sauti za dunia, vipande vitatu vya Bach vilikuwemo. Yule wa kadiri.

Lakini hayo Bach hakuyaona. Alichokuwa nacho ni karatasi tupu siku ya Jumatatu, herufi mbili juu yake, kazi katikati, na herufi tatu mwishoni. Wiki baada ya wiki.

Kwa hivyo kesho ukifika kazini, iwe ni dukani, kwenye kituo cha kupokea simu, jikoni mwa hoteli au mbele ya kompyuta, kabla hujaufungua ule ujumbe uliouogopa wikendi nzima, omba msaada kwa maneno machache. Andika mahali kama unapenda, hata kwenye pembe ya daftari. Halafu fanya kazi yako vizuri. Kama hujalipwa, dai. Kama kazi inakuua, tafuta nyingine. Na jioni ukimaliza, mkabidhi Mungu ya siku hiyo, uende ukapande matatu, ulale.